Mimbari ya Nukta

"Simama wima, mama, lakini usijirefushe," fundi seremala alisema, futikamba ikishuka kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Nijirefushe niende wapi? Mungu aliishia hapa."

Ofisi nzima ikacheka. Hata yeye alicheka, maana safari hii kicheko hakikuwa na dharau.

Walimwita Nukta kwa ufupi wake. Katika chama cha Ufunguo, alikofanya uenezi tangu binti yake akiwa wa kubebwa mgongoni, alihutubia akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Kila mwaka aliomba mimbari ya kimo chake. Kila mwaka walimjibu kwamba sauti haina urefu. Siku kreti lilipovunjika akaanguka mbele ya umati, viongozi wake ndio walioanza kucheka. Kesho yake alirudisha kadi.

Chama cha Ngazi kilimpokea kabla hajaketi. Chenyewe kilikuwa mahututi: ofisi ya chumba kimoja, bendera iliyopauka, na mwenyekiti mrefu kama mlingoti asiye na watu wa kuongoza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mwenyekiti alimwambia. "Wewe ndiye utakayetufufua." Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita seremala.

Fundi sasa alikuwa anapima mabega.

"Hayo nayo ya nini?"

"Isije ikakubana, mama." Hakumtazama usoni.

Mwenyekiti alikuwa amesimama chini ya picha ya mwasisi wa chama. "Huyu alipigwa risasi jukwaani, na mpaka leo aliyefanya hajulikani. Lakini mazishi yake, dada yangu! Watu walikuja kuzika, wakaondoka na kadi zetu. Uchaguzi uliofuata tukaingia bungeni. Umati kama ule hatujauona tena."

"Mtauona," Nukta alisema.

"Najua."

Kisha mwenyekiti akamuuliza kwao hasa ni wapi, na kama barabara ya huko inapitisha mabasi wakati wa mvua. Nukta alimweleza kwa fahari. Hakuna chama kilichowahi kuulizia barabara ya kwao.

Jioni alikuta gari la kijivu limeegeshwa mbele ya geti lake. Ndani yake alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, katibu wa Ufunguo. Alishuka, akaingia bila kusubiri kukaribishwa.

"Shemeji, rudi. Huko hutoki salama."

"Unakuja kunitisha mlangoni kwangu, mbele ya mtoto?"

"Jumamosi, kwenye mkutano wao, usipande jukwaani."

"Na nikipanda?"

Shemeji alimtazama binti aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba. "Ukipanda, huyu atamalizia shule akiwa kwangu."

Nukta alimsukuma nje kwa mikono miwili na kufunga geti. Gari halikuondoka. Lilikuwepo alipozima taa, na asubuhi lilimfuata hadi sokoni.

"Mama, achana na huo mkutano," binti alisema. "Mbona baba mdogo anaogopa?"

"Haogopi. Ana wivu."

"Amelala garini usiku kucha."

"Mwenye wivu atapata wapi usingizi?"

Binti alikunja shuka, kisha akashindwa kujizuia. "Na huyo fundi wao, kukupima mpaka mabega! Anatengeneza mimbari au kabati?"

"Anatengeneza kitu kinachonienea, mwanangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu."

Jumamosi binti alikataa kwenda. Nukta alivaa gauni lake zuri akaondoka peke yake.

Uwanja ulikuwa umejaa nusu tu, ila waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko chama kidogo kinavyostahili. Jukwaani ilining'inia picha yake kubwa, ile aliyopigwa akiambiwa asicheke. Iliwekwa sambamba na ya mwasisi, kwa kipimo kilekile. Aliitazama kwa furaha.

Mwenyekiti alikuwa bado anamtambulisha wakati honi ilipoanza kulia nyuma ya umati, mfululizo, bila kupumua. Lilikuwa gari la kijivu. Vijana wa ulinzi wa Ngazi walilizingira. Shemeji akatoka kwa mlango wa pili, akaanza kukimbia kuelekea jukwaani huku akipunga mikono na kupiga kelele ambazo nyimbo za chama zilizifunika.

"Mzuieni yule!" Nukta aliwaambia walinzi waliokuwa pembeni yake. "Yule ndiye aliyenitishia."

Walimzuia. Walimlaza chini, mmoja akamkalia mgongoni, naye aliendelea kuinua kichwa na kupaza sauti.

"Usihofu, dada," mwenyekiti alimnong'oneza. "Hakuna wa kukugusa tena. Panda uzungumze." Akamshika mkono kwa muda mrefu kidogo, kisha akashuka upande wa pili. Walinzi wote wakashuka naye.

Nukta alibaki peke yake jukwaani. Alisogea mbele, akasimama.

Mimbari iliyokuwa pale ilikuwa ileile ya zamani, ya kimo cha mwenyekiti. Ilimfika kidevuni. Nyuma yake mtu alikuwa ameweka kreti la soda.

"Mimbari yangu iko wapi?" aliuliza, na vipaza sauti vikapeleka swali hilo uwanja mzima.

Mwenyekiti alikuwa akitazama saa yake. Nukta alizungusha macho hadi akampata seremala, amesimama kando ya pikapu chini ya jukwaa. Upepo ulikuwa umefunua turubai upande mmoja. Chini yake mbao mpya, zilizoungwa kwa kimo chake, ziling'aa kwa vanishi, zimelazwa, zina vishikio vya shaba huku na huku.

Seremala alikuwa ameshavua kofia.