Juzuu ya Tatu

"Leo umefiwa na nani tena, Mwalimu?"

Bibi Lamyai, jirani, aliuliza hivyo huku akifagia mlangoni pake. Mwalimu Sanguan, shati jeusi limenyooka kwa pasi, akajibu kwamba amefiwa na mfanyabiashara wa mbao. Jina la marehemu? Atalijua hukohuko.

"Kufa kufaana," Bibi Lamyai akasema, akaendelea kufagia.

Mtaa mzima wa Thonburi ulijua. Kwa desturi ya Kibuddha ya huko, familia yenye uwezo ikimchoma maiti wake hekaluni, huchapisha upya kitabu cha kale cha maana, cha historia, lugha au sheria. Mwanzoni hutiwa picha ya marehemu na habari za maisha yake, na kila aliyekuja kumuaga hupewa nakala. Dukani hukipati. Kwa hiyo, tangu astaafu, Mwalimu Sanguan alikuwa ameaga watu mia nne ambao hakumjua hata mmoja. Alilia vizuri kuliko wenye msiba. Akirudi nyumbani alishika wembe, akakata kurasa za marehemu, akakipanga kitabu kabatini.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha. Mwanachuoni mmoja wa zamani aliandika juzuu tatu: ya kwanza historia, ya pili lugha, ya tatu sheria. Mbili alikuwa nazo. Ya tatu ilibaki nakala moja, mchwa wameshaionja pembeni, na mwenyewe alikuwa Jaji mstaafu Prasoet, mtu asiyemwazima mtu kitabu. Naye Mwalimu alikuwa na miaka sabini na moja, jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Aliogopa kufa na pengo kabatini.

Ndipo zikaja habari njema: Jaji ni mgonjwa sana, madaktari wamemrudisha nyumbani.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa kando ya kitanda na bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi nyingi. Na kesho kutwa. Na miezi miwili mfululizo. Watu wakamsifu kwa utu wake. Alimlisha mgonjwa kijiko kwa kijiko, na kila bakuli lilipofika nusu, mazungumzo yalifika mazishini. Alisema sote tu wapita njia. Alisema jaji mkubwa haagwi kwa kitabu cha mashairi, anaagwa kwa kitabu cha sheria. Alijitolea hata kusahihisha makosa ya chapa. Bi Somjin, mke wa Jaji, alimenya vitunguu saumu vyake, akasikiliza.

"Naona umeshanizika," Jaji alimwambia siku moja.

"Yasikufike hayo, Mheshimiwa. Nasema tu, mambo yakipangwa mapema hayana aibu."

"Kweli. Mapema ni vizuri." Jaji akameza uji. "Hivi wewe, Mwalimu, ulizaliwa wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwalimu alieleza mpaka uji ukapoa: kijiji, wazazi, shule zote alizofundisha, na mwaka ule alipokosa ukuu wa shule kwa fitina. Jaji akamtaka mkewe aandike, maana kichwa cha mgonjwa hakishiki. Akaomba na picha, awe anamwona rafiki yake hata asipokuwapo. Mwalimu akaleta ile aliyotoka vizuri.

Juma lililofuata akaambiwa juzuu ya tatu imeshapelekwa kwa mpiga chapa. Tangu siku hiyo tangawizi haikuonekana tena ujini.

Salamu zilipofika kwamba vitabu viko tayari, aje, Mwalimu alivaa shati jeusi, akalitengeneza jicho zima lilie. Akamkuta Jaji Prasoet amesimama uani, anamwagilia maua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Jaji akasema. "Nimepona, ndugu yangu. Ni uji wako. Daktari mwenyewe ameshika kichwa."

Mwalimu alitafuta uso wa furaha, akaukosa. Akauliza, kwa sauti ndogo, habari za kitabu.

"Kwani nilikudanganya? Mama, mletee."

Bi Somjin akakileta kwa mikono miwili. Ndicho. Wino bado ulinukia. Mwalimu akapapasa jalada kama anayepapasa shavu la mjukuu, akafungua ukurasa wa kwanza, na humo akajiona mwenyewe, anatabasamu, chini yake pameandikwa: *Kwa kumbukumbu ya mazishi ya Mwalimu Sanguan.* Mwaka wa kuzaliwa ulikuwapo. Wa kufa ulikuwa umeachiwa nafasi.

Jaji akakitoa kitabu mikononi mwake taratibu, akakirudisha kwenye boksi pamoja na wenzake.

"Desturi unaijua kuliko sisi, Mwalimu. Havigawiwi kabla ya siku yenyewe, na hupewa waliokuja kuaga. Usiwe na wasiwasi, sisi tutakuja."

Mwalimu Sanguan akavaa kandambili zake, akatoka.