Damu Inayobaki Nyuma

Melkior alichukua damu ya Apolinari kwa hila. Alimwambia anampima malaria.

Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa maabara ya hospitali, mjini Mpanda. Alilidondosha tone kwenye ukanda wa karatasi uliolowa, kando ya tone la mwanawe Krispini na tone lake mwenyewe, kisha akawasha umeme. Umeme huvuta damu na kuichambua: damu nzima hutangulia, ya sikoseli hubaki nyuma. Na mtoto haugui sikoseli mpaka airithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Tone la Krispini lilibaki nyuma lote. La Melkior lilitangulia lote. La Apolinari liligawanyika, nusu mbele, nusu nyuma: aliibeba sikoseli bila kuugua.

"Nilijua tu!" Melkior alisema peke yake.

Alianza kushuku tangu ile jioni ya masika. Apolinari, dereva wa lori, alikuwa anamwahisha mkewe Skolastika hospitali, akampakia na Eufrazia, mke wa Melkior, ambaye naye uchungu ulikuwa umemshika. Lori likanasa kwenye tope njia ya Kasokola. Wanawake wote wawili wakajifungulia humo humo, gizani, watoto wa kiume, na Apolinari akawaviringisha wachanga katika blanketi moja. Tangu siku hiyo hapiti bila kumbeba Krispini na kutaniana na "shemeji". Dalili ya mvua si mawingu?

Melkior alifika nyumbani akatupa nguo za mkewe uani.

"Mpelekee Apolinari mtoto wake, na wewe rudi kwenu Karema!"

"Baba Krispini, mimi sijalala na mwanamume mwingine. Nipime na mimi."

"Nikupime nini? Ya kwako inajulikana, mmemrithisha mtoto nyie wawili."

"Nipime. Halafu nitaondoka mwenyewe."

Akampeleka maabara akampima, apate cha kuwaonyesha wakwe. Eufrazia alisimama pembeni, Krispini mgongoni, mpaka ukanda ukatiwa rangi na kuoshwa.

Tone lake lilikuwa limetangulia lote, sambamba na la mumewe.

Melkior aliugeuza ukanda, akaugeuza tena.

Eufrazia alimkaza mtoto kwa kanga.

"Haya, sema sasa," alisema. "Huyu ni mtoto wa nani?"