Mende wa Harufu Mbili

Mwaka ule siafu walivamia kichuguu cha mchwa wakakitawala. Humo watu walitambuana kwa kunusana, na aliyenuka ugeni aliraruliwa. Mende, mpangaji wa siku nyingi, akajipaka harufu ya siafu ubavu wa kushoto na ya mchwa ubavu wa kulia.

Siku ya gwaride siafu walisimama upande wa kushoto wa njia, mchwa upande wa kulia. Mende akapita katikati.

"Huyu wetu," wakasema siafu.

"Huyu wetu," wakanong'ona mchwa.

Akafika mbele ya jemadari wa siafu, akapiga saluti.

"Vyema. Sasa rudi ulikotoka."

Mende akaanza kugeuka, akakumbuka mbavu zake. Akarudi kinyumenyume.

"Mbona hugeuki?"

"Kwetu si adabu kumpa mkubwa mgongo, mheshimiwa."

Jemadari akafurahi, akaamuru atembee hivyo kila siku.

Miaka ikapita, mvua kubwa ikawafukuza siafu. Bi Mwanakombo, mchwa mlinda lango, akamkuta Mende bado anatembea kinyumenyume.

"Wameshaondoka, mwenzetu. Geuka sasa."

Mende akasimama, akafikiri.

"Nigeukie upande gani, bibi?"