Vikaratasi vya Chumba cha Kufulia

Sixten Brunnberg alitupa soksi tatu chafu sakafuni mwa chumba cha kufulia cha jengo zima, akaacha vumbi la nguo limejaa kwenye chujio la mashine ya kukaushia, akaketi juu ya ndoo kusubiri atukanwe.

Hakutukanwa. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Alikwisha kumwaga sabuni, alikwisha kufua blanketi la mbwa, na Jumanne aliiba zamu ya kufua ya mtu mwingine, kosa ambalo pale mjini Norrköping humfanya mtu ahame mtaa. Ubao wa matangazo ukutani ulibaki mtupu.

Uswidi nzima ilimjua Sixten. Filamu nne, zote alizitunga, akaziongoza na kuziigiza mwenyewe. Sanamu mbili za tuzo. Na mahojiano mengi ambamo alieleza kwamba uchekeshaji ni kipaji cha kuzaliwa. Habari za ubao hakueleza. Kwa miaka ishirini jirani asiyetaja jina alibandika pale vikaratasi vya hasira, kwa herufi kubwa, na Sixten alivinakili vyote.

"ALIYESAHAU CHUPI KATIKA MASHINE YA PILI AJE AICHUKUE. TUMEPIGA KURA, HAKUNA ANAYEITAKA."

Maneno hayo aliyatia kinywani mwa askofu katika filamu yake ya kwanza. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maaskofu wakiwemo.

Sasa kampuni ilitaka mswada wa filamu ya tano Ijumaa, la sivyo kazi apewe kijana mmoja wa Malmö. Sixten, mwenye miaka sitini na tisa, alikuwa na kurasa tisini zisizochekesha hata kwa bahati mbaya. Nyumbani hakuwa na wa kumsaidia. Gunvor, mkewe, alimwacha mwaka juzi, na hata alipokuwepo, kila alipoanza kichekesho mezani Sixten alimkatiza kwa upole ili asijiaibishe.

Vikaratasi vilikoma mwaka juzi huohuo, wakati wa baridi. Majira hayo Bi Ingegerd wa ghorofa ya tatu aliteleza kwenye barafu, akavunjika nyonga, asiweze tena kushuka ngazi. Kwa Sixten, hesabu ilikuwa imekamilika.

Walikuwa wameishi jengo moja miaka thelathini bila kuvuka salamu ya asubuhi. Alhamisi Sixten alipanda, akabonyeza kengele, akavua viatu mlangoni.

Bi Ingegerd alimwekea kahawa na mkate wa mdalasini, akakitazama kidole gumba cha Sixten kilichochungulia kwenye soksi. Sixten akakiri yote: chupi, askofu, sanamu. Akamwahidi kwamba filamu hii itabeba jina la bibi huyo, tena kwa herufi kubwa kuliko za jina lake mwenyewe.

"Nitukane, mama," alisema. "Mara moja tu. Nimechafua kule chini wiki tatu nzima."

"Kumbe ni wewe, nguruwe we."

Sixten akachomoa kalamu, akaandika haraka.

"Weka kalamu chini, bwana. Mimi sijaandika hata kimoja. Nilikuwa nashika gundi tu, akiandika Gunvor." Akamsogezea sahani ya mikate. "Siku hizi anamwandikia kijana mmoja wa Malmö. Huyo alimwomba."