Moyo Mkubwa

"Daktari anasema una moyo mkubwa," mkalimani alimwambia mdogo wangu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

"Hilo mbona tunalijua!" akapayuka golikipa wetu. "Huyo hachoki, huyo!"

Sisi ni mafundi wa gereji, mpira wetu ni wa jioni kazi ikiisha. Klabu hii ya ng'ambo ilitualika tuje tujifunze wanavyofanya mazoezi, ila kwao hakuna anayekanyaga nyasi kabla ya kupimwa moyo. Sisi tuliona ni mbwembwe tu.

Mdogo wangu alikuwa amelala kifua wazi, anacheka mpaka jino la mwisho. Mafuta baridi waliyompaka yalimchuruzika mbavuni. Daktari hakucheka. Alichukua kitambaa akayafuta taratibu, taratibu mno, kama anayemfuta mtoto mchanga.

"Mkubwa kupita kiasi," mkalimani akasema, sauti imeshuka. "Asikimbie tena. Hata leo."

Kicheko kikakatika.

"Kaka," mdogo wangu akaniita, tabasamu bado halijamtoka, "si uwaambie mimi ni mzima?"

Daktari akauliza jambo.

"Wazazi wenu wapo?"

"Mama yupo," nikajibu. "Baba alidondoka uwanjani, akicheza. Tuliambiwa ni jua kali."

Mkalimani akatafsiri. Daktari akanitazama mimi sasa, akamwinua mdogo wangu, akapigapiga kile kitanda kwa kiganja.

"Na wewe vua jezi," mkalimani akasema. "Halafu anauliza, una watoto?"