Mshono Mwekundu Ndani ya Kola

"Fungua," alisema nesi wa kiwanda.

Fundi wa kola akafungua kinywa. Tembe ya thelathini, ya samawati, ilikuwa imejibanza nyuma ya gego kama zile ishirini na tisa zilizoitangulia. Nesi alichungulia juu juu, akatia alama daftarini.

Walisema ni mgonjwa. Mafundi wote walishona mashati meupe ya shule, sare kabisa, lakini yeye kila kola aliitia mshono mmoja mwekundu kwa ndani, pasipoonekana. Marehemu mama yake, fundi naye, ndiye aliyemfundisha: shati lazima limjue aliyelishona. Msimamizi alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Mimi si cherehani." Wiki ileile akaandikiwa kwamba neva zake zina hitilafu. Ameze tembe miezi miwili. Asipopona, kazi hana.

"Ugonjwa gani huu, dada, unaopona ukishona kola kama wenzako?" fundi alisema nyumbani siku alipoandikiwa tembe.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama afariki, alicheka akashika mbavu. "Usimeze. Niletee mimi nizitupe chooni, zisije zikaonekana." Kisha akaongeza, kama anayejisemea, "Ingawa kufanana na watu nako si kufa."

Basi kila jioni alimkabidhi dada leso yenye tembe. Kila alfajiri alisikia kinu kidogo kikigonga jikoni. Tangawizi, dada alisema, kwa ajili ya kifua chake. Halafu aliletewa chai ya maziwa kitandani, tamu kupita kiasi. Fundi alijiona mwenye bahati. Kiwanda kizima kilikuwa kimempa kisogo, lakini damu ni nzito kuliko maji.

Leo nesi alifunga daftari akatabasamu. "Hongera. Wakaguzi wamefumua kola zako za wiki tatu. Hazina kitu. Umepona."

Nusura acheke. Wakaguzi hao na macho yao! Alirudi mezani pake, akaitemea tembe kwenye leso, akachukua kiwembe na kufumua kola aliyoishona asubuhi. Nyeupe. Akafumua ya pili, ya tano, ya kumi. Zote nyeupe. Uzi wake mwekundu ulikuwa mfukoni mwa aproni, haujapungua hata pima moja.

Hakukumbuka aliacha lini. Alitafuta hasira moyoni mwake, asiione, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mtu wa kumweleza alikuwa mmoja tu. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani, leso mkononi. Dada alikuwa ametoka. Fundi alibandika maji jikoni, machozi yakimlengalenga, akakumbuka ni mara ngapi amenyweshwa chai na yule mtu bila kumtilia hata kikombe kimoja. Leo angemlipa wema. Angemtwangia na tangawizi yake.

Alifungua kabati, akafunua vikapu, akapekua makopo yote. Nyumba nzima haikuwa na tangawizi hata kipande. Akakivuta kile kinu, ambacho leo dada alisahau kukiosha, akachungulia ndani. Chini kabisa ulikuwa umeganda unga wa samawati.