Kumpisha Mke Mwenza

Alitoka jikoni na kikombe cha chai cha mumewe, akamkuta amelala kifudifudi kwenye nyasi, ndani ya mzunguko wa reli za treni yake ndogo ya bustanini, miwani imeruka kando.

Treni ilikuwa bado inazunguka. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi kule jikoni: muda wote akimenya vitunguu alikuwa akiisikia ikipita chini ya dirisha, akajua mzee yuko na mke mwenza. Ndivyo alivyoiita ile injini, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyochemsha maji ya kweli na kupuliza mvuke wa kweli, na kufutwa kwa kitambaa laini kuliko shuka za kitandani.

"Baba watoto!"

Akakimbia mpaka kwenye reli, na hapo miguu ikasita yenyewe. Sheria ya bustani ilikuwa moja: treni ikija, huvuki.

"Mpishe mwenzio kwanza," mzee alizoea kumwambia.

"Hata nyumba ikiungua?"

"Hata ikiungua."

Na wote wawili hucheka.

Injini ikatokea nyuma ya mawaridi, ikapita mbele ya vidole vyake, joto lake likamgusa kwenye kifundo cha mguu. Likafuata behewa la kwanza, la pili, la mwisho. Njia ikawa nyeupe.

Chai ilikuwa imemmwagikia mkononi, wala hakusikia moto wake. Nzi alitua kwenye sikio la mumewe, akatembea, hakufukuzwa.

Kisha akamsikia mke mwenza akija tena, akarudi nyuma hatua moja, akampisha.